Unga Waliomwagiwa Marehemu

Helena alikuwa anasuuza bilauri za maabara kwa maji ya ndoo, maana bomba halikuwa limetoa kitu tangu Ijumaa, pale mama yake mzazi alipoingia akakaa kwenye benchi la wateja. Mama huyo, Skolastika, alikuwa amefariki mwaka wa vita vya Kagera na kuzikwa kwao Rutamba. Alivaa kanga aliyozikwa nayo, na mkono mmoja ameukandamiza tumboni.

"Shikamoo, mama," Helena alisema.

"Marahaba, mwanangu. Una ndoo nyingine? Nataka kutapika."

Helena alimpa ndoo ya taka. Skolastika akatapika kitu cheupe, kizito kama chokaa ya kupaka ukutani, akajifuta mdomo kwa pindo la kanga na kuomba radhi kwa kuchafua ofisi ya mwanawe. Helena akamwambia asijali. Alifurahi kumwona, alifurahi mpaka machozi yakamlenga, ila mama aliyekufa ukimwona tena akiwa anaumwa, hiyo si furaha ya kukaa nayo mtu akastarehe. Alimshika paji la uso. Lilikuwa la baridi, kama inavyotakiwa, lakini lilikuwa linatoka jasho.

Maabara ile ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi za afya, Lindi mjini, na kazi yake ilikuwa kupima chakula. Zamani unga wote wa ngano ulioingia mkoani ulikuwa wa shirika la serikali, na kila shehena ilipofika Helena alichota kikombe, akakichanganya na spiriti, akachuja, akadondosha tone kwenye kioo na kukiweka chini ya taa ya zambarau. Kama ngano ilikuwa imeota kuvu na kuvu limeacha sumu, tone liliwaka rangi ya samawati. Basi. Unga ulimwagwa shimoni na watu wakala muhogo wiki mbili. Halafu ikaja ruksa ya biashara kwa kila mtu, na kila mwenye lori akawa mwagizaji. Serikali ikatangaza kwamba inajitoa kwenye biashara ya unga, na katika kujitoa huko ikajitoa pia kwenye spiriti, kwenye vioo na kwenye balbu ya taa. Balbu ilipoungua Helena aliomba nyingine, akajibiwa kwamba maabara sasa zijitegemee. Alijaribu kufikiria balbu inajitegemeaje, akashindwa.

Unga uliotapakaa mwaka ule ulikuwa wa Faustino. Faustino alikuwa karani wa ghala katika shirika lile lile; shirika lilipokufa yeye akalinunua ghala, pamoja na paa lake linalovuja. Magunia yake yalikuwa na picha ya daraja kubwa la chuma ambalo hakuna mtu wa Lindi aliyejua liko nchi gani, kwa hiyo watu waliuita unga wa daraja. Ulikuwa mweupe pee, tena wa bei ya chini. Ulinuka kidogo, kama sanduku la nguo lililofungwa masika nzima, lakini ukitia hiliki mandazi yanakuwa mandazi, na mwenye njaa hanusi.

Sasa, watu wa upande ule, wawe wa msikitini au wa misa ya kwanza, hawamwachi marehemu wao na njaa. Mtoto akiugua, safari ikikaribia, mvua ikichelewa, mtu hushika unga wa mtama na kuumwaga polepole chini ya mti nyuma ya nyumba, huku akiwataja wazee kwa majina, mpaka unga ujenge kilima kidogo chenye ncha. Asubuhi anakwenda kuangalia. Ncha ikiwa imesimama, wazee wamepokea. Ikiwa imeporomoka, kuna neno. Unga wa muhogo haufai kwa kazi hiyo: muhogo unatoka ardhini na wao wako ardhini, ni kama kumpelekea mtu mchanga wa kwake mwenyewe.

Mwaka ule mtama ulikaukia shambani, na mahindi machache yaliyopatikana yalibebwa na wachuuzi kwenda Dar es Salaam kabla hata hayajakauka. Watu wakaanza kuwamwagia marehemu unga wa daraja. Na ncha ilisimama, jamani! Ilisimama kila nyumba, kila asubuhi, hata umande ukianguka. Watu wakasema wazee hawajawahi kuridhika namna hii. Kumbe siku zote walikuwa wanapenda ngano na hakuna aliyewauliza.

"Kuridhika wapi," Skolastika alisema, akiwa bado ameinamia ndoo. "Unga ule hata ukiupiga teke unasimama. Ile ni gundi, sisi hatujapokea chochote."

"Mbona mnakula, basi?"

"Tusipokula Mary atasema tumemsusa mtoto."

Mtoto mwenyewe alikuwa Rosemary, binti pekee wa Helena, aliyekuwa hajaanza hata darasa la kwanza. Tumbo lake lilikuwa limejaa kwa mbele na weupe wa macho umegeuka rangi ya ndizi mbivu. Hospitali walisema apumzike na ale vizuri. Valentini, baba yake, alikuwa Dar akitafuta kibarua tangu kiwanda cha korosho kilipofungwa, na Helena alikuwa kazini kutwa, kwa hiyo mtoto alipelekwa Rutamba kwa Bibi Mary, mama yake Valentini. Bibi Mary alimpenda mjukuu wake kuliko roho yake. Kila asubuhi alimpikia chapati laini, na kila Alhamisi aliwamwagia wazee unga ili mtoto apone.

"Anatumwagia mwingi," Skolastika alisema. "Hana choyo, masikini. Lakini unauma, Helena. Unauma hapa." Akaonyesha ubavu wa kulia, penye ini. "Na mimi ini nilishaliacha zamani."

Helena aliweka bilauri chini. Aliiona habari nzima kwa mara moja, na akatamani asingeiona. Mtoto anaugua kwa kula unga. Bibi anawamwagia wazee unga uleule ili wamponye. Wazee wanaugua. Mtoto haponi. Bibi anaongeza unga.

"Hamuwezi kumsaidia, mama? Hata kidogo?"

"Tumsaidie na nini, mwanangu? Kule kwetu kila mtu amelala chali."

Mchana uleule Helena alituma salamu Rutamba kwa dereva wa pikapu: Rosemary asile kitu chochote cha ngano, apewe uji wa muhogo, na unga usimwagwe tena.

Kufikia mwisho wa wiki benchi lilikuwa limejaa. Marehemu walikuja saa za kazi, kwa utaratibu, wengine kutoka Rutamba, wengine kutoka makaburi ya Mtanda hapo hapo mjini, wote wameshika matumbo. Walio hai walioleta maziwa na samaki wa kupimwa walisimama ili wazee wapate kukaa, wakawaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakasogeza miguu wasikanyage matapishi. Mfagizi alilalamika kwamba kazi imeongezeka na mshahara ni uleule, na hilo lilikuwa kweli.

Kwa kuwa hakuwa na spiriti wala balbu, Helena aliwatumia wao. Hakupenda, ila Skolastika ndiye aliyesema lete, sisi hatufi tena. Helena alikwenda ghalani kwa Faustino na kuchota kikombe kwenye kila rundo la magunia, hata yale yaliyokuwa chini ya sehemu ya paa isiyovuja. Mama yake alionja kila kikombe kwa ncha ya kidole. Alipoonja, kucha zake zilianza kuwaka, mchana kweupe, rangi ya samawati ileile ya vioo vya zamani. Hakuna kikombe ambacho hakikuziwasha. Na kila alipoonja Skolastika alipungua kidogo, mpaka Helena akawa anaona mbao za benchi kupitia kwenye kanga yake.

"Basi, mama. Inatosha."

"Maliza kazi, mtoto. Usifanye nusu nusu kwa ajili yangu."

Alionja kikombe cha mwisho, akasema nacho ni kibaya, akaenda zake akiwa ameshika ukuta. Hakurudi tena. Marehemu waliofuata walisema yuko, ila hawezi kunyanyuka. Helena alilia chooni, akanawa uso, akaandika kwamba unga haufai kuliwa na binadamu, akalipeleka neno hilo kwa mkuu wake, Bwana Kibwana.

Bwana Kibwana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebakiza muda mdogo wa kustaafu na aliupenda sana.

"Sikatai, Helena," alisema. "Baba yangu mwenyewe yupo pale kwenye benchi, tumesalimiana asubuhi. Lakini angalia. Mpimaji wako ni mama yako mzazi. Huo si upimaji tena, hayo ni mambo ya ukoo."

"Kucha ziliwaka, mzee. Rangi ileile."

"Nimekusikia. Ila siku hizi kuna soko huria. Kama wewe umeleta waonjaji wako, mfanyabiashara naye ana haki ya kuleta wa kwake."

Faustino aliitwa. Alifika kwa heshima zote, akaamkia benchi zima, akampa Helena pole ya mama. Alisema yeye unga wake anaula kila siku, na kweli macho yake yenyewe yalikuwa yameanza kupata umanjano. Aliomba muda wa kutafuta waonjaji ambao si ndugu wa mtu yeyote, akapewa.

Aliwachukua kutoka Kipatimu, kwenye milima ya Wamatumbi. Kule kuna watu waliokufa njaa baada ya vita vya Maji Maji, wakati Wajerumani walipochoma maghala na mashamba, na wengi wao hawakuzikwa vizuri kwa sababu aliyetakiwa kuzika naye alikuwa amekaa chini hawezi kunyanyuka. Watoto wao walikufa pamoja nao, kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kuwamwagia chochote. Barabara ya Kipatimu ni mbaya, lori lilikwama njiani, nao walishuka kulisukuma. Walipofika Lindi walikuwa wengi kuliko lori linavyoweza kubeba. Walisimama uani wakiwa wamenyooka na wembamba, hawaegemei kitu. Marehemu wa Lindi waliinuka kuwapisha benchi.

Faustino alifungua magunia hapo hapo. Hawakungoja vikombe. Walichota kwa viganja na kuula mkavu, wakapaliwa na kukohoa, wakachota tena. Kucha zao ziliwaka, na vidole, na baadaye midomo, mpaka ua mzima wa ofisi za afya ukawa wa samawati na kuku wa mfagizi wakapanda mtini kulala.

Kati yao alikuwepo mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa anatafuna kwanza, halafu anamlisha mtoto kwa kidole. Bwana Kibwana alimwendea yeye, labda kwa sababu alikuwa karibu.

"Shikamoo, bibi. Huu unga unafaa kuliwa?"

Mwanamke alimtazama kama anayetazama mtu anayeuliza kama maji yananyweka. "Unga ni unga, mjukuu wangu."

"Mna malalamiko yoyote juu yake?"

Alifikiri kidogo. "Umechelewa kuja," alisema, akarudi kuchota.

"Bwana Kibwana, tazama kucha zao!" Helena alisema. Sauti ilimtoka juu kuliko alivyotaka.

"Naziona, Helena. Nimeuliza habari za unga, sikuuliza habari za kucha."

Helena alitaka kuwachukia watu wale, akashindwa. Angewachukia kwa lipi? Mtoto wa mgongoni alikuwa anafyonza kidole cha mama yake kwa bidii, na kidole kilikuwa kinawaka. Unga ukapitishwa jioni hiyo. Watu wa Kipatimu waliomba kubaki Lindi na Faustino akawakubalia walale ghalani, maana hawakuchukua nafasi.

Gari la matangazo lilipita mitaa ya Mtanda na kwenda mpaka vijijini. Lilisema unga wa daraja umepimwa na kuthibitishwa na wazee wa Kipatimu wenyewe, waliokula gunia kwa gunia na kuomba mwingine. Lilikuwa tangazo la kweli, hakuna neno moja la kuongeza. Watu waliokuwa wameanza kusitasita wakarudi madukani na nyuso za aibu kidogo.

Helena alipata lifti ya kwenda Rutamba Jumamosi, amebeba machungwa. Alimkuta Rosemary amekaa mkekani barazani, miguu imevimba, ana kipande cha chapati mkononi.

"Mama, umekuja!" Rosemary alisema. "Bibi ameacha kunipa uji."

Helena alimnyang'anya ile chapati, mtoto akalia. Bibi Mary alitoka jikoni na mikono yenye unga.

"Mama, si nilituma salamu?"

"Ulituma, mwanangu, na mimi nilitii. Nimempa uji wa muhogo na mtoto akawa anakonda mbele ya macho yangu. Halafu gari limepita, wamesema unafaa."

"Mimi ndiye mpimaji. Mimi ndiye niliyesema haufai."

"Wewe umesema haufai, wakubwa zako wamesema unafaa." Bibi Mary hakusema kwa ukali. Alikuwa anauliza hasa, kama mtu anayetaka kufundishwa. "Ungekuwa ni wewe, mama, ungemsikiliza nani?"

Helena alikaa chini penye mkeka. Alimmenyea Rosemary chungwa, akamtolea kokwa moja moja, na mtoto akala nusu yake akasema limetosha, tumbo halina nafasi. Akarudi naye Lindi na gari la kwanza lililopita. Hospitali walisema ni ini. Waliuliza mtoto alikuwa anakula nini, Helena akawaambia, wakasema hapana, unga ule umepimwa.

Rosemary alifariki Jumatano, wakati wa mvua, akiwa amelalia mkono wa mama yake. Valentini alifika baada ya maziko. Alikaa pembeni ya kaburi na begi lake bado begani, na watu walipomwambia alitue akasema halina kitu.

Bibi Mary alitoka na sahani ya unga wa daraja ili ammwagie mjukuu wake apate cha kuanzia safari. Helena alimshika mkono. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mwanawe hatamwagiwa unga ule, si leo wala siku yoyote, na kama mtu anautaka aumwage juu yake yeye Helena. Waombolezaji waliinamisha macho. Bibi Mary alirudisha sahani ndani, akalia mpaka kanga ikaloa, maana alielewa kilichosemwa.

Helena alitafuta mtama. Alizunguka soko la Lindi, akaagiza Mtwara, akawauliza wanawake wa Rutamba mmoja mmoja. Hata mbegu zilikuwa zimeliwa. Mpaka mavuno, walimwambia, kama mwaka utakuwa mzuri. Basi kila jioni akawa anamwaga unga wa muhogo mlangoni kwake Mtanda, akitaja jina la Rosemary, na kila asubuhi upepo ulikuwa umeupeleka kwa jirani.

Maabara ilifunguliwa kama kawaida. Marehemu walikuja, walitapika, walisindikizwa. Bwana Kibwana alistaafu, akaagwa kwa keki. Siku moja asubuhi Faustino alileta sampuli ya shehena mpya, kikombe kilichojaa, akakiacha mezani ili Helena atie sahihi, kwa kuwa waonjaji walikuwa wameshaonja. Helena hakutia sahihi wala hakukirudisha. Kilikaa pale na utando wa kijani pembeni, na shehena ikaendelea kuuzwa bila sahihi yake.

Asubuhi nyingine alipoinua macho Rosemary alikuwa amesimama mbele ya meza. Alikuwa na gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza alilozikwa nalo, lililoazimwa kwa binti wa jirani, refu kupita kiasi. Tumbo lilikuwa limeingia ndani, limeshikana na mgongo.

"Mama," alisema, "nina njaa."

"Hukuupata ule wa jioni? Nakumwagia kila siku, mwanangu. Kila siku."

"Ule haufiki." Alivuta pindo la gauni. "Wenzangu wote wanakula. Bibi alisema umemkataza."

Helena alimwambia mtama unakuja, mavuno hayako mbali. Rosemary aliuliza mavuno ni lini. Helena alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akaona jinsi mtoto anavyovitazama vile vidole, akaacha. Alifungua kabati la spiriti, lilikuwa tupu. Alifungua la pili, na la vioo, na droo ya meza, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Watu wa Kipatimu waliokuwa dirishani walimwangalia.

Akakivuta kikombe. Akaondoa ule utando wa kijani kwa kijiko, taratibu, asiache hata chembe, akainama na kumwaga nusu ya unga sakafuni mbele ya miguu ya mwanawe, akilitaja jina lake. Ncha ikasimama. Rosemary alichuchumaa akala kwa mikono miwili, mpaka sakafu ikabaki safi.

"Ongeza, mama," alisema.

Helena akaongeza.